Nyuki wa Lempi Wamenyamaza

Benchi liko mbele ya duka la ushirika, upande unaopigwa jua, na theluji ya mwishoni mwa Machi huyeyuka hapo kabla ya kwingine kokote kijijini. Saa nne asubuhi wafugaji wa nyuki hukutana na chupa yao ya kahawa: Urho, aitwaye Profesa kwa kuwa amesoma nusu ya kitabu cha nyuki, Veikko, aitwaye Redio, kwa kuwa hazimiki, na Lempi, mwoka mikate mstaafu, wanayemwita Mdalasini. Asubuhi hiyo Lempi hakuwa na raha. Mwaka jana, katikati ya baridi, wasiwasi ulimshinda akafunua mizinga yake miwili achungulie tu. Baridi ikaingia, nyuki wakafa wote. Kiangazi akatafuta kundi jipya, moja tu, akaapa hataufungua mzinga mpaka litoke lenyewe.

— Wangu wametoka jana, Redio alisema. Digrii nane tu, wakaruka, wakajisaidia juu ya theluji mpaka ikawa manjano. Miezi mitano wamejibana, bwana wee!

— Wangu tangu Jumapili, akasema Profesa. Wako je, Mdalasini?

— Bado.

— Bado kivipi?

— Bado ni bado! Mnataka nikawasukume?

— Usihofu, dada, Redio akamtuliza. Kimya kingi kina mshindo mkubwa. Wanakusanya nguvu hao. Unadhani kwa nini unaitwa mzinga? Siku wakitoka, kijiji kitatikisika!

— Upuuzi, Profesa akamkata. Hao wamenuna. Mbao za mzinga ni zilezile za mwaka jana, si ndiyo? Basi harufu imewasimulia yaliyowapata wenzao. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Methali hiyo imeingiaje hapo? Redio akauliza.

— Imeingia kwa mlango. Hebu nimiminie kahawa.

— Mimi nasema wamehama, Redio akaendelea. Februari ilipofika thelathini chini ya sifuri, malkia akawaambia, jamani, Uswidi si mbali.

— Bahari imeganda, wewe!

— Ndiyo maana! Isingeganda wangetua wapi kupumzika?

Lempi alicheka kidogo, lakini mkate wake ulikuwa mkononi, haujamegwa.

Inkeri, tarishi mpya aliyekuwa na wiki mbili tu kijijini, alisimama na mkoba wake wa barua akiwasikiliza.

— Samahanini. Huo mzinga uko wapi?

— Nyuma ya sauna yangu, pale, Lempi akaonyesha. Hatua mia mbili hivi.

— Na ukiutegea sikio, unasikia nini?

Redio akamtazama Profesa. Profesa akatazama ndani ya kikombe.

— Niliapa kutoufungua, Lempi akasema.

— Kufungua na kusikiliza ni mamoja, mama?

Lempi alijijua: maadamu hajasikiliza, nyuki walikuwa hawajafa. Akaweka mkate benchini, akaondoka bila kuaga. Wazee wawili wakamfuata, na Inkeri nyuma yao.

Nyuma ya sauna, kibanda chake cha kuogea mvuke, theluji ilifika magotini. Maji yaliyodondoka kutoka paani yalikuwa yameganda juu ya mlango wa mzinga, ukazibika kama umepigwa lipu. Lempi akapiga magoti, akavua kofia, akabandika sikio kwenye mbao. Akagonga mara moja. Kimya. Akagonga tena.

Ndani kabisa kitu kikavuma, vuuu, kisha kikatulia.

— Wapo! Wapo, na wamefungiwa!

— Gonga barafu, Mdalasini! Polepole! Profesa akahimiza, safari hii bila methali.

Alibandua barafu kwa funguo za nyumba, akachomoa kwa kijiti maiti za nyuki zilizoziba njia, moja moja, vidole vikifa ganzi. Mara nyuki mmoja akachungulia, akasita juani, akaruka. Akafuata wa pili. Halafu wakamwagika, kumi, hamsini, wakizunguka juu ya vichwa vyao, na Redio akaanza kuwahesabu kwa sauti kama aliyewazaa yeye.

Lempi hakuinuka. Alirudisha sikio lililokuwa jekundu kwa baridi kwenye mbao.

— Inuka basi, utaganda! Profesa akamwambia. Si umeshawaona?

— Nyamazeni kidogo, akasema Lempi. Nasikiliza.