Mikono Safi ya Cyril Hudak

Marehemu Cyril Andrej Hudak alizaliwa tarehe 9 Februari 1951 katika mtaa wa wachimba makaa wa Breslin Hill, Pennsylvania, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Andrej na Mama Zuzana Hudak. Mzee Andrej alifanya kazi chini ya ardhi tangu ujana hadi mapafu yalipomkatalia. Weusi wa makaa ulikuwa umeingia ndani ya ngozi ya mikono yake, haukutoka kwa sabuni wala kwa brashi. Labda ndiyo maana Mama Zuzana hakumruhusu mtoto kugusa mkate kabla hajamkagua kucha. Aliyeshindwa ukaguzi alirudishwa kwenye beseni. Nyumba zote za mtaa ule zilikuwa hivyo, na wengi mlioketi hapa mnayakumbuka mabeseni hayo.

Alisoma shule ya parokia, kisha sekondari, akahitimu mwaka 1969. Akiwa na miaka kumi na miwili aliifungua redio ya jikoni ili aone sauti inatoka wapi. Mama alirudi kutoka kanisani akaikuta imetapakaa mezani, akavua kiatu. Cyril akamwomba asubiri hadi chakula cha jioni. Chakula kilipoiva redio ilikuwa inaimba, na kiatu kilikuwa kimerudi mguuni.

Alitumikia jeshi nchini Ujerumani kuanzia 1970, akitengeneza redio za mawasiliano. Oktoba 1973 aliajiriwa kuwa fundi wa vifaa vya kielektroniki katika karakana ya jeshi iliyo ng'ambo ya mlima. Redio na rada zilizoharibika huko zilikotumwa ziliishia mezani kwake. Mzee Andrej alifurahi kupita kiasi. Mwanawe amepata kazi ya serikali, juu ya ardhi, na koti jeupe! Mkesha wa Krismasi wa mwaka ule, kabla ya kumega mkate, aliishika mikono ya Cyril akaiinua chini ya taa wageni waione. "Tazameni," alisema. "Hata ya padri haijafikia hapa."

Sasa isemwe jinsi mikono hiyo ilivyosafishwa. Bodi za redio, vile vibao vya ndani vinavyobeba vipuri, zilioshwa kwa dawa yenye harufu tamu, ndani ya mabeseni yaliyoachwa wazi. Dawa hiyo iling'oa grisi, gundi na kila kitu. Saa ya kutoka ilipofika, mafundi, ambao karibu wote walikuwa watoto wa wachimba makaa, walichovya mikono humo kabla ya kwenda kukaa mezani na mama zao na wake zao. Walichovya miaka na miaka mbele ya macho ya wasimamizi. Walipoomba glovu waliambiwa kwamba glovu zingewafanya washindwe kushika vipuri vidogo. Onyo kwamba dawa hiyo ni sumu, lililokuja na mapipa yake, liliishia stoo. Waliolisoma walinyamaza, na hilo familia hii haijalisamehe.

Tarehe 14 Juni 1975 Cyril alifunga ndoa na Helen Wasko katika kanisa hili, baada ya kukutana kwenye dansi ya ukumbi wa zimamoto. Walijaliwa watoto wawili, Marek na Theresa. Helen alikuwa akiipenda ile harufu tamu ya makoti ya mumewe. Wiki iliyopita aliyatoa kabatini akayachoma nyuma ya nyumba.

Wazee wa parokia wanajua kwamba wanaume hawakukaribishwa jikoni wakati wa kutengeneza pirogi za Kwaresima, vile vifuko vya unga vyenye viazi na jibini vinavyochemshwa. Cyril peke yake aliruhusiwa, kwa sababu ya vidole vyake. Kingo alizozibana hazikufumuka majini hata moja. Lakini mwaka 2004 zilianza kufumuka, sufuria ikajaa viazi na jibini. Bibi Stella Yurko, mkuu wa jiko, alimtania: "Cyril, leo umeonja pombe kidogo, au nini?" Jiko zima likacheka, naye akacheka. Hakuwa ameonja kitu. Daktari alisema ni ugonjwa wa Parkinson, unaotetemesha mikono. Mwaka 2006 aliacha kazi kwa kuwa hakuweza tena kushika chuma cha kulehemu, na baadaye figo nazo zikaanza kuugua.

Mwaka 2011 alikwenda mbele ya maofisa wa serikali waliosikiliza madai yake ya fidia. Hakutaka makubwa. Alitaka waseme tu kwamba kazi ndiyo iliyomuumiza. Bwana mmoja mwenye tai alimjibu kwa upole, "Dawa ilikuwa ya bodi, Bwana Hudak. Hakuna aliyekuagiza unawe."

Cyril aliiweka mikono yake mezani, ikawa inagonga mbao. "Hata baba yangu," alisema, "hakuna aliyemwagiza apumue."

Madai yalikataliwa.

Alifariki nyumbani kwake asubuhi ya tarehe 11 Machi 2019, Helen akiwa kando yake. Hadi mwisho hakukubali kulishwa kabla hajanawishwa, kwa sabuni ya kawaida na maji ya moto.

Juzi karakana ilipiga simu. Sauti ya heshima iliomba aya za ugonjwa katika wasifu huu zifupishwe, kwani siku ya msiba si siku ya kulaumiana. Helen alijibu kwamba amesikia, akakata simu, akamwambia mchapaji aongeze ukubwa wa herufi. Shada lao la maua liko nje, karibu na mapipa ya taka.

Marehemu ameacha mjane, Helen, watoto, Marek na Theresa, wajukuu watatu, na mdogo wake wa kike, Ludmila, anayewasomea haya. Ameacha pia wenzake wa meza ya kazi, Joe Petrak na Leonard Sabol, walioketi benchi la tatu na mikono mifukoni. Joe, Leonard, familia inawaomba muitoe. Hapa hakuna atakayecheka. Kesho Marek atawapeleka kwa daktari, na baada ya hapo mtakwenda pamoja kwa wale mabwana wenye tai.

Cyril apumzike kwa amani, na mikono yake itulie. Waliolificha onyo wasitulie.