Tupokigwe Mwaikenda na Viporo vya Udongo (1958–2025)

Bibi tunayemsindikiza leo, Tupokigwe Anyelwisye Mwaikenda, alizaliwa Jumamosi tarehe 14 Juni 1958 katika kijiji cha Ikombe, wilaya ya Kyela, kando ya Ziwa Nyasa. Alikuwa mtoto wa nne kati ya saba. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na mama wa mama yake vilevile. Wajukuu walipomuuliza alijifunza lini kufinyanga, alikuwaga anawageuzia swali: "Nyie mlijifunza lini kula ugali?"

Alisoma shule ya msingi kijijini kwao kuanzia mwaka 1967 hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1973. Alipenda hesabu. Baba yake alifariki mwaka huohuo, mikono yake ikahitajika nyumbani, na habari ya sekondari ikaishia hapo. Hakulizungumzia sana jambo hilo. Ila mjukuu yeyote akileta ripoti ya shule, Bibi aliisoma yote, hadi maoni ya mwalimu wa darasa, polepole, kidole kikifuata mstari.

Mwaka 1981 alikuja Dar es Salaam kwa dada yake aliyekuwa akiishi Tandika, Temeke. Huko alikutana na Mwalimu Albano Komba, mwenyeji wa Songea. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 10 Julai 1982, wakajaliwa watoto watatu: Demetria, Brightson na Adelard. Mwaka 1998 walihamia Mbezi Luis, na nyuma ya nyumba Mwalimu akamjengea mkewe karakana ya mabati.

Udongo wa huku ulimtesa. Alifinyanga vyungu kumi, vikikauka vinapasuka sita. Mwaka 2004 alihudhuria mafunzo ya wafinyanzi, akaonyeshwa namna ya kuchanganya udongo na karatasi iliyolowekwa na kupondwa mpaka ikawa uji. Nyuzi za karatasi huushikilia udongo usipasuke ovyo, na hata chungu kikivunjika kikiwa kikavu, kinaungika. Ndani ya tanuri karatasi inaungua, chungu kinabaki chepesi. Alirudi nyumbani akaenda moja kwa moja kwenye rundo la madaftari ya mumewe.

"Mama Deme, hizo ni kazi za wanafunzi!"

"Umeshasahihisha?"

"Nimesahihisha."

"Basi, sasa zamu yangu."

Tangu siku hiyo nyumba nzima ikawa inamwekea karatasi. Mjukuu mmoja aliwahi kumficha daftari lake, akihofia kwamba sifuri zake zitavunja chungu. Bibi alicheka hadi akakaa chini. "Lilete! Mwenye sifuri ndiye mwenye kurasa nyeupe nyingi."

Jambo ambalo halikuwa na mzaha kwake ni masalio. Aliyaita viporo. Makombo ya mezani, vipande vya ukingoni, tope la kwenye beseni, vyote vilirudi kwenye ndoo. Lakini udongo wenye karatasi ukikaa na maji unaoza kama chakula, kwa hiyo kila wiki, kabla siku ya nane haijafika, aliutandaza mwembamba kama chapati juu ya mashuka makuukuu, akauanika. Ukikauka aliuvunja vipande, akautia kwenye viroba na kuandika mwezi. Akiuhitaji anauloweka, kesho yake ni laini tena. "Mkavu haufi," alisema, "umelala tu."

Mwaka 2021 madaktari walisema moyo wake umetanuka. Alianza kuchoka. Alichoka kupanda ngazi za kanisani, kisha akachoka kukanda, kisha akachoka hata kuongea. Mwaka 2022 Demetria, kifungua mimba wake, alirudi nyumbani kumuuguza. Alimwogesha, akamlisha, usiku akalala ameegemea kitanda chake. Mama naye alikuwa na haja moja tu, na hakuificha: karakana isife pamoja naye. Alitaka kumwona Demetria akifanya kazi ile peke yake, tangu udongo hadi tanuri.

Tarehe 10 Machi 2025 alilazwa. Demetria alibaki na ndoo tatu za viporo, na kwa kutaka mama akirudi aukute udongo laini, hakuuanika. Aliumwagia maji kila asubuhi akafunika na vifuniko. Wiki tatu. Harufu ilipotoka, jirani yao Mama Zubeda alisimama kwenye uzio, pua ameibana kwa mtandio.

"Deme mwanangu, mmeloweka ngozi za machinjioni Vingunguti humo?"

"Ni udongo, mama. Nisamehe."

"Udongo gani unaonuka kuliko mimi nikitoka sokoni? Mwaga, watoto wataugua!"

Mama alirudi tarehe 2 Aprili, akamkuta Demetria ameshikilia ndoo ya kwanza mdomoni mwa shimo la taka, analia.

"Nimeuharibu wote, Mama. Mie siiwezi hii kazi. Tufunge tu."

Mama alikuwa ameshikwa mkono na Brightson, hata pumzi haijamkaa sawa. "Rudisha ndoo," alisema. "Nimechoka, Deme, usinisimamishe. Maji meusi yamwage. Udongo uache."

Alilazwa kwenye mkeka pale karakana, akaelekeza kwa kidole. Demetria alimwaga maji, akatia maji safi yenye matone ya dawa ya kufulia, akauchuja kwa chandarua kikuukuu, akautandaza. Masika ilikuwa imeanza, jua hakuna, basi aliukausha kwa majiko mawili ya mkaa, akigeuza vipande mpaka mgongo ukagoma. Ilichukua siku kumi na moja. Harufu ikaisha. Nyuzi nyingi zilikuwa zimeoza, udongo umekosa nguvu, ikabidi ziongezwe karatasi mpya. Mama hakumgombeza hata neno moja. Mtungi wa kwanza wa Demetria ulibomoka, wa pili ukapasuka kiunoni. Mama aliutazama ule ufa. "Huo wa pili tungeuunga," akasema. "Ila umechoka wewe. Kalale."

Mwezi Agosti Demetria alichoma mitungi minne, na mitatu ilitoka mizima. Alimpelekea mama mmoja kitandani. Bibi aliugonga kwa kucha, akasikiliza, akaugonga tena. "Unalia vizuri," akasema, kisha akageukia ukutani akalala mchana kutwa.

Alifariki nyumbani kwake Alhamisi tarehe 11 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Jana asubuhi, Ijumaa, turubai limeshafungwa na akina mama wamejaa sebuleni, mfiwa alitafutwa hakuonekana. Shangazi Bernadeta alimkuta karakana, mikono hadi viwiko ina tope, akitandaza udongo juu ya shuka.

"Demetria! Mfiwa anafinyanga? Watu watasemaje?"

"Sifinyangi, Shangazi. Ni viporo vya Jumamosi iliyopita. Kesho ni siku ya nane, na kesho tunazika."

Shangazi alivua viatu mlangoni. Akafunga khanga vizuri kiunoni, akashika upande wa pili wa shuka. Udongo huo umeanikwa, na hadi tunatoka nyumbani leo ulikuwa umeanza kukauka kingo.

Marehemu alitanguliwa na mumewe, Mwalimu Albano, mwaka 2016. Ameacha watoto watatu, wajukuu wanane, kitukuu mmoja, dada wawili, na wifi yake Bernadeta. Ameacha pia viroba kumi na vinne vya udongo mkavu, vimeandikwa miezi kwa mkono wake, na Demetria wa kuviloweka.

Bibi Tupokigwe alichoka, na alikuwa na haki ya kuchoka. Mwenyezi Mungu ampokee, ampe pumziko la amani.