Sura ya Mama na Sahani Iliyosahau

Wapendwa wa shirika letu hapa Kimemi, Butembo, asanteni kwa kunipatia hii nafasi. Munanijua ni mutu wa kucheka, donc leo munivumilie kidogo.

Kazi yangu ilikuwa kupiga video za ndoa na matanga, upande wa Mangina. Picha zote nilizitunza ndani ya disque dur moja, kile kisanduku kidogo cha kompyuta. Za mama yangu pia zilikuwa humo, maana hakupenda kupigwa picha na mutu mwingine. Nikisafiri, aliifungia ndani ya kantine, ile sanduku ya chuma ya nguo.

"Chuma haiwaki, mutoto wangu," alikuwa anasema.

Nilikuwa Kyavinyonge kwenye ndoa wakati watu wenye silaha waliingia kwetu. Waliua mama, wakachoma nyumba. Niliporudi, nilikuta kantine kwenye majivu, nyeusi lakini nzima, na disque ndani. Ndugu zangu, nawaambia, nilifurahi palepale, Mungu anisamehe. Nilisema: sura yake imebaki.

Munajua desturi yetu. Siku ya kuondoa matanga, picha ya marehemu inakaa mezani, juu ya kitambaa cheupe, watu wanamuaga. Tulipokimbilia Butembo niliambia familia wangojee, picha inakuja. Wakangojea. Mama mudogo, ndugu ya mama, akaendelea kuvaa nyeusi kwa ajili yangu.

Mafundi wa hapa walishindwa. Mwisho nikaenda kwa yaya mumoja, mukubwa wetu anayefundisha fizikia. Akafungua ile disque. Ndani, sahani yake, ile ya duara inayotunza picha, ilikuwa imefifia kidogo tu.

"Unaona, yaya? Iko muzima."

Akaigeuza kwenye mwanga. Halafu akasema polepole: "Juu ya hii sahani kuna ngozi ya metali, nyembamba sana, jicho haiwezi kuipima. Ndani yake kuna punje ndogo ndogo, na kila punje ni sumaku. Zingine zinaangalia huku, zingine kule. Ule mupango ndio picha. Sasa moto ikizidi, punje zinasahau upande wao. Zikipoa zinakuwa sumaku tena, mais kila moja inaangalia popote."

"Basi tuzigeuze tena."

"Kugeuza inawezekana. Mais za mama yako zilikuwa zinaangalia wapi? Hapana mutu anajua."

Nilirudi nikalala. Chakula kilinishinda, kazi ikanishinda. Nilifunga macho nitafute sura yake, na kila mara ilikuwa imepungua. Niliona heri ningekuwa naye siku ile.

Siku moja mama mudogo akaingia chumbani.

"Amuka. Jumapili tunaondoa matanga."

"Bila picha?"

"Bila picha. Mimi nimechoka na nyeusi, na wewe unanuka."

Jumapili meza ikawekwa na kitambaa chake, tupu. Watu walikosa pa kuangalia. Mama mudogo akasema dada yake alikuwa na alama nyeusi kwa shavu ya kushoto. Muyomba, kaka ya mama, akakataa: "Ya kuume. Nilikula naye sahani moja, unanifundisha?"

"Wewe ulikuwa unaangalia nyama."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, kisha nikalia mpaka wakanishika. Kesho yake nilikula, nikaoga, nikatoka nje.

Sisemi nimepona. Kushoto au kuume, hatujui mpaka leo, na hatutajua. Mais naamuka asubuhi.

Asante mama mudogo. Asante muyomba. Asante yaya, hukunidanganya. Na ninyi mulioleta makaa na unga bila kuniuliza kitu, asanteni.

Somo langu ni fupi: sura za watu wenu musiziachie mashine peke yake. Mutoe picha kwa karatasi, na jirani mumupatie moja. Jumapili ijayo nitakuja na kamera. Wamama, mutu asiniambie hajasuka nywele. Mimi leo ningepokea picha ya mama yangu hata kama hajasuka.