Muuguzi Aliyehesabu Dakika Nzima

Tarehe 30 mwezi huu, saa nane mchana, zamu ya asubuhi itakapokabidhiwa, muuguzi mkuu wa wodi ya watoto wachanga mahututi atavua kitambulisho chake baada ya miaka thelathini na minne na miezi mitano ya kazi. Habari zilizomo humu zimesimuliwa na wenzake. Kuandika wamemwachia mjukuu wake wa kidato cha tatu, kwa madai kwamba wao wamezoea kuandika chati tu.

Wodini anaitwa Sitini. Jina alipewa na mama wa usafi, aliyechoka kumsubiri amalize kuhesabu ndipo apige deki chini ya inkubeta, kisanduku cha kioo kinachomtunza mtoto katika joto. Pumzi za mtoto mchanga hazina mpangilio: huenda mbio, hutulia, kisha huenda mbio tena. Anayehesabu sekunde thelathini na kuzidisha kwa mbili huweza kupata jibu zuri ambalo si la kweli. Kwa hiyo Sitini huhesabu sekunde zote sitini, kwa kila mtoto, kila baada ya saa tatu.

Utaratibu wake haubadiliki. Hunawa mikono, husimama kando ya inkubeta, kisha hurudisha mikono nyuma ya mgongo kama mtu anayekagua gwaride. Hutazama rangi ya ngozi, kifua kinavyoinuka, tundu za pua kama zinatanuka. Huhesabu. Baada ya hapo tu ndipo hufungua kidirisha, kwa mikono aliyokwisha kuipasha joto. Husikiliza moyo na tumbo, hugusa utosi kwa ncha ya kidole, hupima mzunguko wa tumbo kwa utepe, hukagua kitovu, joto na nepi. Kazi yote huisha ndani ya dakika kumi, kidirisha kikafungwa. Mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati, hukulia usingizini, na Sitini hapendi mtu amwibie usingizi wake.

Hakuanza akiwa hivyo. Katika mwezi wake wa kwanza kazini alimgusa mtoto kwanza, tena kwa mikono ya baridi. Mtoto akaangua kilio, pumzi zikawa hazihesabiki, naye akaandika arobaini na nane kwa kukisia. Matroni wa wakati huo alisoma chati, akamtazama juu ya miwani na kumuuliza, "Hii umehesabu au umebuni?" Sitini alisimama pale dakika arobaini mpaka mtoto aliposinzia, akahesabu upya. Zilikuwa sitini na sita. Anasema hajawahi kuona namba ikimtia aibu kiasi kile.

Nyumbani tabia hiyo haikumwacha. Mjukuu mwenye mafua hulazwa chali kwenye kochi na kuamriwa anyamaze dakika nzima. Paka naye amewahi kuhesabiwa.

Wenzake walipoulizwa siku wanayoikumbuka kuliko zote, walitaja moja. Alikuwapo mtoto wa kike, gramu elfu moja mia nne na kumi, aliyekuwa ametimiza wiki tano wodini. Saa tatu asubuhi alitakiwa kuhamia wodi ya kawaida, ambako mama yake angelala naye kitanda kimoja kwa mara ya kwanza. Daktari alikuwa ameshasaini. Mama alikuwa mlangoni, begi begani. Kwa haraka ya kuhama, mtu alishachomoa nyaya za mashine ya mapigo kabla ya ukaguzi wa mwisho, kosa ambalo hufanyika pale ambapo kila mtu anafurahi.

Sitini alirudisha mikono nyuma, akaanza. Nusu dakika ilipita: pumzi ishirini na sita. Ukizidisha, ni hamsini na mbili, jibu zuri kabisa.

"Sista, huyo unamhesabia pumzi au unamwandikia wasifu?" daktari alitania.

"Dakika haijaisha, mwanangu," alijibu bila kuinua macho.

Zilikuja pumzi nne zaidi. Ya thelathini na moja haikuja. Kifua kilitulia, na hakuna kengele iliyolia kwa kuwa hakukuwa na waya. Midomo ilianza kuwa ya zambarau. Sitini alifungua kidirisha, akamsugua mtoto unyayo kwa kidole, mara moja, mara mbili. Mtoto akashtuka, akavuta hewa.

"Rudisheni nyaya," alisema. "Hahami."

Mama alidondosha begi. "Wiki tano, sista! Wiki tano nimesubiri, leo unaninyima mwanangu?"

"Nakunyima leo, mwanangu, ili kesho nikupe."

Siku mbili nzima mama yule alimpita bila salamu. Jioni ya siku ya pili majibu ya damu aliyotolewa mtoto asubuhi ile yalirudi: maambukizi yalikuwa yameshaanza, nayo ndiyo yaliyomkatiza pumzi. Mtoto alichomwa sindano za dawa siku kumi.

Asubuhi ya kuhama, wiki mbili baadaye, nyaya zilikuwa bado zimeunganishwa. Sitini alimwita mama mpaka kwenye inkubeta, akampa saa yake ya mkononi. "Leo hesabu wewe. Mikono nyuma, macho kifuani." Wakahesabu wote wawili, kila mmoja kimyakimya.

"Arobaini na nne," mama alisema.

"Na mimi arobaini na nne. Haya, mchukue."

Mama hakumchukua mara moja. Aliitazama saa tena, akahesabu dakika ya pili, na wodi nzima ikamsubiri.

Sista, kwa niaba ya wote uliofanya nao kazi, na wote waliotoka mlango ule wakiwa mikononi mwa mama zao, asante. Pumzika vizuri, uwe na afya, na maisha yaliyo mbele yako yawe mema.