Miaka Mitano ya Rozalia

Manyunyu yalikuwa yameanza tena pale Mwanjelwa, na wanywa kahawa wa kituo cha basi walikuwa wamebanana kwenye benchi lao. Ambrosi, fundi cherehani, alishika kikombe bila kunywa. Alikuwa ametoka ofisi ya elimu. Binti yake Rozalia, aliyekuwa kambini Mafinga katika Jeshi la Kujenga Taifa, alikuwa amepata nafasi ya kwenda ng'ambo kusomea kompyuta. Alitakiwa achague: miaka mitano asomee sayansi ya mashine yenyewe, au miwili ajifunze kuiendesha maofisini. Tangu mama yake afariki, Rozalia ndiye aliyewalea wadogo zake. Ambrosi akajibu kwa niaba yake: miwili. Hakumwambia mtu kwamba ameshajibu. Sasa alitaka tu kusikia kwamba amefanya vyema.

— Hebu niambieni. Angekuwa binti yenu, mngechagua ipi, miaka miwili au mitano?

— Ile ndefu, alisema Isakwisa, waliyemwita Redio kwa kupenda habari. Hiyo fupi ni ya kubonyeza vitufe. Umeme ukikatika, kazi huna.

— Mimi kompyuta niliiona Zambia, alisema Joachim, aliyerudi kutoka migodi ya shaba ya huko na jina la Kopabeti. Kubwa kama behewa, inakula karatasi mchana kutwa. Anayeiendesha ni mtumishi wake.

— Na aliyeisomea? Ambrosi akauliza.

— Huyo inamwogopa.

— Nasikia inajua hata mtu atakufa lini, Redio akasema. Mkeo, Ambrosi, angeambiwa mapema, si angewahi hospitali?

Kopabeti alimtazama Redio kwa jicho kali.

— Lakini miaka miwili si inatosha? Ambrosi aliuliza taratibu.

— Inatosha nini, bwana? Kopabeti akasema. Mtoto ana kichwa kile.

Basi la kutoka Iringa lilisimama. Akashuka msichana mwenye sare za kijani, viatu vimejaa matope. Alikuwa Rozalia.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu.

— Baba, nimepewa ruhusa ya leo tu. Shangazi Juliana alikuja kambini. Amekubali kukaa na wadogo zangu mpaka nirudi, kwa hiyo nachukua ile ya miaka mitano. Twende ofisini. Hujawajibu bado, sivyo?

Redio na Kopabeti walimgeukia Ambrosi, wakingoja. Ambrosi aliweka kikombe chini. Kisha akasogea pembeni ya benchi, binti yake apate pa kukaa.