Délio Toste (1978–2024), Kocha Aliyeomba Muda Mpira Ukiwa kwa Wapinzani

Shemeji yetu Délio alizaliwa tarehe 9 Machi 1978 hapa Tulare, saa ya kukamua ng'ombe, mtoto wa tatu wa mzee Adelino na mama Conceição Toste. Kuogelea alijifunza kwenye mfereji wa kumwagilia alfalfa, majani ya kulisha ng'ombe, na fimbo ya mama yake ikimsubiri ukingoni.

Mwaka 1996 aliingia chuo cha hapa bondeni, akawa kipa wa timu ya polo ya majini, mchezo wa kuogelea na kurusha mpira golini kwa mkono. Wakati ule ilikuwa timu rasmi: chuo kililipa bwawa, safari na karo za wachezaji. Mwaka 1999 chuo kiliifuta, ikabaki klabu ya kujilipia. Wenzake walihamia vyuo vya kusini. Yeye alibaki.

Alipomaliza masomo alikamua ng'ombe wa baba yake alfajiri, na jioni akafundisha klabu bila mshahara. Kabla ya mchezo mwamuzi hukagua kucha, maana chini ya maji watu huparuana. Délio aliwakata vijana wake kucha kwa mkono wake, mmoja mmoja, akiwatania: "Lete hayo makucha, paka wee. Mama yako hana mkasi?"

Alimuoa dada yangu Idalina tarehe 14 Oktoba 2006. Walijaliwa Natália na Duarte.

Alichokitaka ni kimoja: timu irudi kuwa ya chuo. Wakubwa wa chuo walimwambia, fika mashindano ya taifa ya klabu, ndipo tuzungumze. Tarehe 29 Oktoba 2023 walicheza fainali ya kanda. Mabao yalikuwa sawa, mchezo ukielekea kuisha, Délio akaomba muda, mchezo usimame aseme na vijana wake. Mpira ulikuwa mikononi mwa wapinzani. Katika mchezo huu, kuomba muda wakati mpira si wako ni kosa la penalti. Wakafungwa.

Kwenye gari la kurudi nahodha, Garrett Avila, alimuuliza: "Kocha, bwawa zima liliona mpira uko kwao. Wewe ulikuwa unaangalia nini?"

"Nimekosea, mwanangu. Kosa ni langu."

Nyumbani alianza kuacha chakula, lakini nusu ya sahani tu, upande wa kushoto. Tukadhani ni huzuni. Mwezi Novemba madaktari wa Fresno walikuta uvimbe kwenye ubongo. Upande wa kushoto alikuwa haoni kitu, na mpira siku ile ulikuwa huko.

Idalina alitaka kuwaita vijana. Délio alimkatalia. "Watakuja na maua," alisema. "Waache wanikasirikie, wataogelea vizuri zaidi." Akaacha ukocha bila kueleza, nao wakaamini amekimbia aibu. Chuo nacho kikasema hapana.

Mwezi Februari tulikuwa naye dukani, nimembeba mtoto wangu. Garrett alikuja akasimama kushoto kwake, akanyoosha mkono. Shemeji akaendelea kuchagua maharage. Niliuona ule mkono ukirudi mfukoni.

Alifariki nyumbani tarehe 6 Juni 2024, alfajiri, Idalina akiwa amemshika.

Ameacha mjane, watoto wawili, mama yake, ndugu wanne, na vijana kumi na wanne waliosimama pale nyuma, hawakutaka kukaa na familia. Sogeeni mbele, wanangu. Dada ameniruhusu niseme leo. Garrett, hakukunyima mkono. Hakuuona.

Bwana ampokee Délio wetu, ampe raha yake.