Bonifasi Mbena, Fundi Aliyeosha Vumbi kwa Maziwa

Chafya. Ilisikika kutoka karakanani hadi jikoni kwa mkewe, Magreth, hata mashine ya randa ikiwa inanguruma. Majirani wa Mafiga walicheka: "Leo fundi anaranda mbao za mninga!"

Marehemu Bonifasi Leodegari Mbena alizaliwa tarehe 14 Juni 1966 huko Matombo, mtoto wa kwanza wa wakulima wa ndizi. Alimaliza shule ya msingi hapohapo mwaka 1980, akafundishwa useremala na mjomba wake. Mwaka 1988 alishuka Morogoro mjini, akafungua karakana mtaa wa Mafiga na kumwita mdogo wake, Geofrey. Hawakuachana tena.

Alifunga ndoa na Magreth tarehe 12 Oktoba 1991. Kila jioni mkewe alimkung'uta vumbi mlangoni kabla hajaingia.

"Baba Anastasia, unga wote huu ungekuwa sembe, tungeshiba."

"Songa basi ugali wa mninga!"

Kila alasiri ndugu hao walikunywa maziwa. Mafundi waliowatangulia waliwaambia kuwa maziwa huteremsha vumbi. Barakoa waliziona ni za wagonjwa. "Tukishakunywa, tumesafika," Bonifasi alisema, na hakuna aliyembishia.

Mwaka 2022 tundu la kulia la pua yake liliziba. Wakadhani mafua. Kisha ikaja damu, kisha akawa hasikii hata harufu ya mchuzi. Magreth alimsihi kwa miezi mingi aende hospitali. Alipokubali, mwaka uliofuata, daktari aliuliza kwanza kazi yake. Ilikuwa saratani ya pua. Daktari alieleza kwamba vumbi la mbao, hasa za miti migumu, likivutwa miaka mingi linaweza kuileta. Si kila fundi huugua, lakini maziwa hayamkingi mtu. Yanapita kooni, vumbi linabaki puani. Akaagiza Geofrey naye apimwe.

Bonifasi alipigwa mionzi Dar es Salaam, akarudi, akaenda tena. Nyumba nzima ilichoka, yeye akachoka kuliko wote. Alifariki nyumbani Mafiga alfajiri ya tarehe 9 Februari 2025.

Ameacha mjane, Magreth, watoto wawili, Anastasia na Oscar, wajukuu watatu, na mdogo wake Geofrey, ambaye tundu moja la pua yake limeziba tangu Krismasi, hajapimwa bado, na ameridhia jambo hilo lisemwe hapa. Bwana ampokee Bonifasi na kumpa pumziko, maana alichoka kweli.

Jioni yake ya mwisho, Geofrey alipokuwa akimgeuza kitandani, Bonifasi alimwuliza kama amekwenda kwa daktari.

"Nitakwenda, kaka. Kwanza wewe upone."

Bonifasi alimshika mkono. Magreth aliinama ili asikie, maana sauti ilikuwa imebaki pumzi tu.

"Usinisubiri."